Jirani Anayetafuta Chekechea

Jirani yangu hapa Townsville anarudi kazini Jumatatu, na kila chekechea tunayokwenda kuikagua anaikataa. Hutikisa komeo la geti, hunusa chumba cha kubadilishia nepi, huuliza swali na kuondoka kabla hajajibiwa, huku ameung'ang'ania mkono wa bintiye, Wren. Leo pia alianza.

"Hapa kelele mno. Twende, mwanangu."

Wren alikuwa ameshachomoa vidole, amekaa mapajani mwa mwalimu Noelene, anatafuna tikiti maji. "Nenda wewe, mama. Mimi nakula."

Mwalimu akacheka. "Mwache basi mpaka mchana, tuone."

Garini, jirani yangu alifunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena.

"Hajalia hata kidogo," alilalamika.

"Si ndivyo ulivyotaka?" nikamuuliza.

"Washa gari, dada, kabla sijarudi kumchukua."