Kompyuta Inayosema Nakuja

Ipo siku moja inayonirudia kila nikibonyeza kitufe cha kompyuta yangu, mwanangu, na kwa kuwa nakibonyeza karibu kila jioni, siku hiyo hainiachi. Ni siku ambayo baba yangu mzazi alikuja mjini kunitembelea kutoka Sigino, akaanza kuniombea dua, kisha akaiacha katikati.

Usinicheke ninapokuita mwanangu, wewe unayenisoma, kana kwamba mimi ni mzee. Mvi zangu bado si nyingi, lakini hapa Babati ukishawazika wazazi wako wote wawili, watu wanaanza kukupa shikamoo hata kama magoti yako ni mazima. Naitikia marahaba na kupita zangu. Enzi hizo nilikuwa kijana ambaye hajaoa, nimepanga chumba nyuma ya stesheneri moja karibu na stendi, na kazi yangu ilikuwa kuwachapia watu barua za maombi na kadi za harusi.

Ofisi moja ya mjini ilikuwa imepata kompyuta mpya, na zile za zamani zikarundikwa stoo zikisubiri kutupwa. Niliomba moja, wakanipa huku wakinicheka. Ilikuwa na kioo chenye mgongo mrefu, nzito kama gunia la mbaazi, na ukiiwasha ungeweza kuchemsha chai, ukanywa, ukaosha na kikombe, ndipo iwe tayari. Basi nikasoma mtandaoni kwamba duniani wapo watu wanaotengeneza mifumo endeshi yao wenyewe. Mfumo endeshi, kama hujazoea neno hilo, ni ile programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuendesha mambo yote ndani yake. Wengi wetu tunaujua ule tu unaokuja na mashine dukani. Hawa watu wachache walikuwa wanatengeneza wa kwao baada ya kazi, bila mshahara, kwa mapenzi tu, na ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mashine iliyokataliwa na kila mtu ilikimbia tena. Niliwaandikia. Mmoja wao, mtu wa nchi ya baridi ambaye sijamtia machoni mpaka leo, akanitumia diski kwa posta.

Sijui nikuelezeje furaha ile. Nilikuwa na kitu ambacho mji mzima haukuwa nacho. Na hapo hapo, mwanangu, nilikuwa mpweke kuliko nilivyowahi kuwa, maana kila niliyemwita aje aone alitazama kidogo, akaniuliza kama kuna mpira humo, nikasema hakuna, akaondoka. Harusi za ndugu nilikuwa siendi. Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa wa kwanza kufika nyumbani.

Habari hizo zilimfikia Baba. Akaja, na mbaazi kwenye mfuko, akakaa kitandani kwangu kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na nilikuwa nimekikalia mimi. Nikataka kumpisha, akakataa. Akasema endelea, niione kazi yako. Nilikuwa ndiyo kwanza ninauingiza ule mfumo kwenye mashine. Akatazama kwa muda, halafu akasema kama ni chombo kipya basi tukiombee, na chumba nacho, na mwenye chumba.

Kwetu Wairaqw iko dua ya wazee tunayoiita slufay. Sisi ni Wakristo, tunasali kama wengine, lakini nyumba ikikamilika au watu wakikusanyika, mzee husimama akainena dua ile. Haisemwi na mtu mmoja. Mzee anasema kipande, waliopo wanaitikia, anasema kingine, wanaitikia tena. Wasipoitikia hawezi kuendelea. Siku ile mwitikiaji nilikuwa mimi peke yangu.

Baba akasimama, akavua kofia, akaanza. Akawaombea ng'ombe ambao sikuwa nao na watoto ambao sikuwa nao, nami nikaitikia vizuri tu. Akafika kwenye mvua. Akasema mvua ije taratibu, isibebe udongo. Wakati huo huo kioo kikaandika maneno ya kosa, mstari mmoja mweupe, na mashine ikaganda. Nikainama kwenye kibodi. Sijui niliinama kwa muda gani. Nilipoinua kichwa, chumba kilikuwa kimya, na Baba alikuwa amesimama vile vile, kofia mkononi.

"Mbona umenyamaza, Baba?"

"Mimi sijanyamaza," akasema. "Wewe ndiye uliyenyamaza. Nimefika kwenye mvua, nimekungoja univushe, hukunivusha."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Akakaa tena kitandani, akakisifu kile chombo, akasema ni kizuri na kwamba mtu aliyekitupa alikuwa na haraka. Halafu akaniuliza, wewe hapa ukisema neno, nani anakuitikia. Nikamwambia wapo, nikiwaandikia wananijibu. Akataka kujua wako wapi. Nikamtajia nchi zao moja moja, naye akawa anaitikia kwa kichwa kila nchi kama vile ninamtajia vijiji vya Mbulu.

"Wasalimie sana," akasema. "Ila tafuta na mmoja wa hapa. Hata mmoja. Siku ukimpata njoo naye nyumbani, nitaimalizia dua yako pale nilipoiacha."

Akavaa kofia, akaenda zake stendi. Nilimsindikiza, lakini hatukuzungumza tena habari hiyo.

Nilimpata huyo mmoja, mwanangu, tena bila kumtafuta. Aliitwa Anselmi, karani kutoka Kigoma aliyehamishiwa kwenye ofisi moja hapa Babati. Alikuja stesheneri kuchapisha barua, akaiona mashine yangu kwa mlango wa nyuma, akasema mbona hiyo haifanani na za ofisini kwao. Nikamwonyesha. Hakuuliza habari za mpira. Aliuliza inafanyaje kazi, na Jumamosi iliyofuata akarudi, na nyingine, na nyingine. Hapa mjini hakuwa na ndugu wala hakujua lugha yetu, na Jumamosi zake zilikuwa tupu kama zangu.

Ni yeye aliyesema, kwa nini mfumo huu useme Kiingereza chumbani kwetu? Tukaanza kuutafsiri. Kila neno linalotokea kwenye kioo tuliliweka kwa Kiswahili, tukawatumia wale watengenezaji, nao wakalitia ndani ya mfumo na majina yetu mawili chini. Kazi ile ilikuwa ndefu na tulibishana sana. Nakumbuka maneno yanayoonekana mashine ikiwa inaamka. Mimi nilitaka iandike tafadhali subiri, kama ilivyo kwenye Kiingereza. Anselmi akataka iandike nakuja.

"Kompyuta haiendi popote," nikamwambia. "Itakujaje?"

"Si umeiita?" akasema. "Mtu akiitwa na bado anavaa viatu, anasema nakuja."

Akanishinda. Mpaka leo mashine yangu ikiwaka, kabla ya jambo lolote, inaandika nakuja.

Baba alisikia habari za Anselmi, akanitumia salamu kwamba nimlete. Nikasema tukimaliza kutafsiri. Nilitaka niende na kitu kilichokamilika mkononi, nimwonyeshe na majina yetu. Lakini kazi za namna hii haziishi. Watengenezaji wakiongeza jambo, nasi tunaongezewa maneno. Msimu ukapita. Baba akatuma tena salamu, nami nikajibu vile vile. Wakati wa kuvuna mbaazi akaugua, na hakukaa siku nyingi kitandani.

Anselmi nilimpeleka Sigino msibani. Alibeba viti, akachota maji, akakaa na wazee wanaozungumza lugha asiyoijua, kutwa nzima. Nilimtazama nikajua kwamba huyu ndiye Baba aliyekuwa anamngoja, na kwamba dua yangu imebaki pale pale kwenye mvua. Nililia siku ile kwa sababu mbili, na watu waliiona moja tu.

Baadaye Anselmi akahamishwa. Tuliandikiana miaka mingi kupitia jukwaa la mtandaoni la wale watengenezaji, yeye huko kwake na mimi hapa, mpaka jioni moja nikaandika na jibu halikuja. Nikaandika tena. Ni binti yake aliyenipigia simu kunieleza. Niliendelea kutafsiri peke yangu, na jina lake sikuliondoa.

Sasa naishi Singe. Nilioa, tukapata mtoto, Elia, na mama yake naye ametangulia. Elia yuko Dodoma, hupiga simu Jumapili. Wale watengenezaji wamebaki wachache. Wengine wamezeeka, wengine wamechoka, na jukwaa linakaa wiki nzima bila neno jipya. Betri ndogo ya kutunza saa kwenye mashine yangu ilikufa zamani, na kila nikiiwasha inadhani ni mwaka ule ilipotengenezwa, Baba yuko shambani na Anselmi bado hajafika Babati. Ningeweza kubadilisha betri ile kwa muda mfupi tu. Sijaibadilisha, na usiniulize kwa nini.

Nimefikia jambo lililonifanya nikuandikie. Juzi mtoto wa mdogo wangu alikamilisha nyumba yake kule Mutuka. Padri alikuja asubuhi akaibariki, na baada ya chakula wakasema baba mkubwa atunenee slufay, maana wazee wanaoijua tumebaki wa kuhesabu. Nikasimama, nikavua kofia. Vijana wote wakainua simu. Nikasema kipande cha kwanza, na ndugu yangu akaitikia, na shangazi mmoja mzee. Vijana hawakuitikia. Usidhani ni utovu wa adabu. Walikuwa wananirekodi, wakanyamaza ili sauti yangu isiharibike.

Nikaendelea. Shangazi akapatwa na kikohozi, ndugu yangu akatoka naye nje. Nikafika kwenye mvua. Nikasema mvua ije taratibu, isibebe udongo, na nyumba ile yote iliyojaa watu ilikuwa kimya kama chumba changu cha nyuma ya stesheneri. Nikasimama. Sikuigiza, mwanangu, kweli sikuweza kupita. Nilimwona Baba na kofia yake mkononi, na kwa mara ya kwanza nilijua alivyojisikia.

Kisha sauti ikatoka kwenye mlango wa jikoni. "Eee."

Alikuwa Upendo, mke wa yule kijana mwenye nyumba, ameshika sinia la vikombe. Ni mtu wa Njombe. Lugha yetu hajui hata salamu. Nikasema kipande kinachofuata, akaitikia tena, eee, na watu wakageuka kumtazama, wengine wakacheka, simu zikaanza kushuka, na kipande kilichofuata ikaitikia nyumba nzima. Niliifikisha ile dua mwisho. Yale ya baada ya mvua nilikuwa sijayasema hata mara moja tangu Baba aondoke, maana kila nikialikwa nilikuwa namwachia mzee mwingine.

Nilipokuwa naaga nilimuuliza Upendo amejuaje.

"Sikujua, baba mkubwa," akasema. "Nilikuona umesimama. Nikafikiri labda unatungoja sisi."

Nikarudi Singe, nikaiwasha mashine. Ikaandika nakuja. Nikakaa mbele yake bila kuandika chochote, na upweke haukuniondoka, sitakudanganya. Ila haukuwa ule wa kila siku.

Basi nasaha yangu ni hii. Ipende kazi yako ya pembeni, hata kama mji mzima unaona ni takataka. Mimi sijuti hata jioni moja niliyokaa na mashine hii. Wape heshima wanaokujibu kutoka mbali. Lakini uwe na mmoja wa karibu anayeisikia sauti yako, na ukimpata usisubiri kazi ikamilike ndipo umpeleke kwa wazee wako. Mpeleke ikiwa nusu. Na ukimwona mtu amesimama katikati ya maneno yake, hata kama huielewi lugha anayosema, mwitikie.

Sasa vua kofia kama umevaa, weka simu chini, nami nitakunenea ile iliyobaki kwangu miaka yote hii. Nikitua, sema eee.

Mvua ije taratibu, isibebe udongo wako.

Mlango wako ugongwe na wanaokupenda, na ukiita, mtu avae viatu aje.

Ulichokiokota kiamke mikononi mwako, na awepo wa kukitazama pamoja nawe.

Uzee ukukute na watu.

Nimesimama hapa, mwanangu. Nakungoja.