Mama mkwe na mchicha wangu

Jamani, leo mama mkwe kanizikia mchicha wangu ukiwa hai!

Si mnajua agizo la kata: siasa ni kilimo, nyasi za mapambo ziondoke, kila ua utoe chakula. Ua wetu ni mteremko mtupu, na mparachichi umeufunika kwa kivuli. Nikang'oa nyasi kwa mikono hii, nikapanga mawe udongo usiteremke, nikapanda mchicha. Ukakubali! Leo ndiyo ningechuma wa kwanza.

Narudi kazini, nakuta matuta.

Yale yetu ya Kifipa, ya duara, majani yamefukiwa ndani yaoze. Mama mkwe, aliyefika jana kutoka Msanzi, kaegemea jembe.

"Shikamoo mama. Mchicha wangu uko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kumbe ulipandwa? Mchicha si hujiotea tu! Nimeufukia na majani mengine, maharage yatastawi."

Mama mkwe hajibiwi! Nikaenda kusonga ugali.

Sasa tumekaa kula. Mama kanawa mikono, kautazama ugali, kanitazama mimi.

"Mwanangu, mboga iko wapi?"

Ninyi mngemjibuje?