Kifaransa Nilichokipata Dubai

Nilikuwa nimejiandaa kwenda Brussels. Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Eldoret, nasomea ualimu wa lugha, na nafasi ya kukaa muhula mmoja kwenye mji wa watu wanaozungumza Kifaransa ilikuwa imeniangukia mimi, Nekesa. Katika ukoo wetu hakuna msichana aliyewahi kuvuka mpaka ila kwa harusi au matanga. Nilikuwa nimeshanunua hadi koti zito la mtumba. Kisha viza ikakataliwa, na nikakaa nyumbani Kitale wiki nzima bila kutaka kuonana na mtu.

Aliyenitoa chumbani ni mkuu wa idara yetu. Alinipigia simu akasema kuna chuo cha hoteli Dubai chenye darasa la Kifaransa. Walimu na wanafunzi wake wengi ni watu wa Lebanoni, Moroko na Kameruni, na nafasi moja iko wazi. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Baba alipata habari akiwa anakamua ng'ombe.

"Kifaransa, kwa Waarabu?" aliuliza. "Hiyo ni kama kwenda Kisumu kutafuta ngamia."

"Wewe kamua," Mama akamwambia.

Jumapili ya kwanza ya Septemba nilipanda basi la Nairobi, na usiku wake nikapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Koti nililiacha. Njia nzima nilikuwa nikirudia vitenzi kwa sauti ya chini, mpaka bwana mmoja aliyekuwa kiti cha pembeni akaniuliza kama nasali. Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani.

Dubai, asubuhi. Mlango wa uwanja ulipofunguka nilidhani kuna injini mahali inayonipulizia moshi. Ilikuwa ni hewa tu. Aliyenipokea ni Kagendo, dada wa Meru aliyefanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Al Garhoud, binamu wa msichana niliyesoma naye.

"Karibu, mrembo," alisema. "Usishike chuma chochote hapa nje. Utaacha ngozi."

Alinipeleka Karama, kwenye nyumba ya vyumba viwili tuliyokaa wasichana sita, kila kitanda na pazia lake. Siku hizo reli ya juu ilikuwa bado inajengwa, na nguzo zake zilisimama zimepangana kama mahindi yasiyo na majani. Kagendo alinifundisha mambo ya nyumba, la kwanza likiwa bafuni. Maji ya bomba la baridi yalitoka yakichemka kwa sababu ya jua la kwenye tangi, kwa hiyo watu walizima hita na kuoga maji yaliyopoa ndani yake. Ukitaka moto unafungua baridi, ukitaka baridi unafungua moto. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Niliona nimefika nchi ya kuanza kila kitu upya.

Jumatatu iliyofuata nilianza masomo, na kicheko kikaniisha. Mwalimu wetu, Madam Samira, alikuwa Mlebanoni mwembamba aliyetembea haraka na kuongea haraka zaidi. Alinitaka nijitambulishe. Nikasimama nikasema sentensi ndefu, kila kitenzi mahali pake, kama nilivyofundishwa. Darasa zima lilicheka. Kijana wa Kameruni akasema naongea kama taarifa ya habari ya zamani za mababu zake. Hawakuwa na ubaya, ila nilitamani sakafu inimeze. Niliwaelewa wote, lakini kila nilipomaliza kupanga jibu langu kichwani, mazungumzo yalikuwa yameshahamia jambo lingine.

"Wiki ya kumi kuna mtihani wa mdomo," Madam Samira alitangaza. "Anayeanguka anahamia darasa la Kiingereza."

Kiingereza! Hicho nilikuwa nimekiacha tele nyumbani. Kurudi na cheti cha Kiingereza kutoka Dubai kungekuwa sawa na kutorudi na kitu.

Ijumaa ya pili nilikwenda Naif, upande wa Deira, kununua shuka. Katika duka la vitambaa nilimkuta mama mmoja mnene, kitenge cha njano na kilemba chake, anagombana na muuzaji wa Kihindi. Yeye aligomba kwa Kifaransa, muuzaji alijibu kwa Kiingereza, na wote wawili walikuwa wakigongagonga kikokotoo kimoja. Mama akashusha pumzi, akajisemea kwa Kiswahili:

"Huyu mutu ananichokesha kabisa."

Niligeuka. "Mama, nikusaidie?"

"Mungu wangu! Unasema Swahili? Weye ni mutoto wa wapi?"

"Kitale, Kenya."

"Mimi ni wa Bukavu, kule Kongo. Na Kifaransa, unasikia?"

Nikamjibu kwa Kifaransa, kwa ile sentensi yangu ndefu. Alishika rafu ya vitambaa asianguke kwa kicheko.

"Mutoto yangu, ile Kifaransa yako imevaa tai!"

Shida yake ilikuwa ndogo. Alitaka marobota matatu ya rangi moja tu, bluu, kwa ajili ya harusi, na muuzaji alikuwa akimpa mchanganyiko. Nilimweleza muuzaji kwa Kiingereza, mambo yakaisha. "Khalas!" muuzaji akasema kwa Kiarabu, yaani yamekwisha, akatuagizia chai ya maziwa. Mama huyo aliitwa Mama Furaha. Alikuwa amepanga chumba pale Deira, akinunua mali na kuwatumia wanawake wenzake wa Bukavu. Kiingereza hakukijua hata salamu. Kabla chai haijaisha tulikuwa tumekubaliana kwamba mimi nitamtafsiria madukani, na yeye atanivua tai.

Kuanzia hapo, Ijumaa na Jumamosi zangu, siku za mapumziko za huko, zilikuwa zake. Kanuni yake ilikuwa moja: "Swahili ni ya kula. Kutembea, ni Kifaransa." Tukitembea, Kifaransa, tukivuka hori la bahari kwa mashua ndogo ya abra, Kifaransa, tukifika kwake kula samaki na bugali, ndipo ulimi wangu upumzike. Nikikwama katikati ya sentensi alipiga makofi. "Sema haraka, muuzaji anazeeka!" Alinifundisha kubembeleza, kununa, kutania, na kuondoka dukani kwa hatua za polepole ili uitwe urudi. Vitabu vyangu havikuwa na hayo. Nilikuwa narudi Karama sauti imekauka, na Kagendo akaniambia sasa naota kwa Kifaransa, tena naota nikigomba.

Wiki ya nane nilifanya jambo ambalo bado linaniuma. Tulikuwa dukani Karama, mimi na Mama Furaha, wenzangu wa darasani wakaingia. Yeye alikuwa akinipigia kelele kwa furaha kutoka upande wa pili, kwa kile Kifaransa chake cha sokoni, mikono hewani. Wenzangu wakatazama. Mmoja aliniuliza huyo ni nani.

"Jirani tu," nikasema.

Alisikia. Tulivuka barabara, na alipofika kituoni aliniambia kwa Kiswahili, ingawa tulikuwa tukitembea, "Sawa, jirani. Soma vizuri." Wiki iliyofuata nilipiga simu yake mara nyingi, ikaita bila kupokewa.

Siku ya mtihani niliingia ukumbini. Madam Samira alikaa pembeni na kalamu. Mbele yangu alikuwa mtahini mgeni, Mfaransa mwenye ndevu nyeupe, akiigiza mgeni wa hoteli aliyepotelewa na begi. Alipiga meza, akafoka. Sentensi zangu zote nilizoziandaa zilitoroka mara moja. Kilichobaki ni sauti ya Mama Furaha: sema haraka, anazeeka!

Nikamvutia kiti. Nikamwita papa, kama Mama Furaha alivyowaita wauzaji wazee, nikamwambia kaa kwanza, kunywa maji, maana mtu mwenye kiu hata rangi ya begi lake haikumbuki. Alikaa. Nikamuuliza lilikuwa jeusi kama mabegi yote ya dunia, au ana bahati lilikuwa na rangi. Alianza kujibu kwa hasira, akashindwa, akacheka. Tuliongea dakika kumi kuhusu begi ambalo halikuwepo, na nilipotoka sikukumbuka kupanga hata kitenzi kimoja.

Madam Samira alinifuata mlangoni. "Umefaulu. Neno 'papa' ukiliacha sokoni utafaulu zaidi. Nani amekufundisha hivi?"

Safari hii sikumkana. "Mwalimu wangu ananunua vitambaa Naif," nikasema.

"Basi mwalete siku ya vyeti."

Alasiri hiyohiyo nilivuka kwenda Deira. Nilimkuta Mama Furaha kwenye ofisi ya mizigo amekalia robota. Nilianza kuomba msamaha kwa Kifaransa, nikakwama, machozi yakaja, nikamalizia kwa Kiswahili. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na mtihani?" akauliza.

"Nimepita, Mama. Na mwalimu wangu ameitwa siku ya vyeti. Ni wewe."

"Mimi? Mimi nilifika darasa la tano tu!" Kisha akainuka akacheza, palepale kati ya mizigo, na wapakizi wa Kipakistani wakampigia makofi bila kujua sababu.

Desemba, joto lilipokuwa limeondoka na jioni zimekuwa tamu, alikuja chuoni na kitenge kipya na viatu vya kumbana. Nilimtambulisha kwa wenzangu kwa sauti ya kusikika na kila mtu: huyu ndiye mwalimu wangu. Yule kijana wa Kameruni alimwinamia kwa heshima. Madam Samira alimkalisha safu ya mbele, na sherehe ilipoisha niliwakuta wawili hao wanabishana juu ya bei ya hariri. Kufikia chai, Mama Furaha alikuwa ameombwa aje muhula ujao kuigiza mgeni msumbufu mbele ya wanafunzi.

"Nitakuja," alisema. "Lakini wasilie."

Nyumbani Kitale nilifika siku mbili kabla ya Krismasi. Baba alinitaka niseme kitu, nikasema, akatikisa kichwa kwa fahari ingawa hakuelewa neno. Watu waliniuliza nimejifunza nini kwa Waarabu. Niliwaambia kuwa vitabu vilinipa maneno, lakini ulimi nilipewa na mtu aliyenihitaji dukani, na kwamba karibu nimpoteze kwa kumwonea aibu.

Januari, chuoni Eldoret, mkuu wa idara alinisikiliza kwa muda mrefu, akavua miwani.

"Unaongea kama maji, Nekesa. Ila lafudhi hii si ya Paris wala si ya Brussels. Ni ya wapi?"

"Ya Bukavu, bwana," nikamjibu. "Mwalimu wangu anaitwa Mama Furaha."