Kichwa cha Mchina, Kiti cha Dirishani

Hapa Buffalo, Marekani, mtaa wa West Side, watu wananijua kama mama anayekata kila aina ya nywele, na mimi nawaacha wadhani nilizaliwa na mkasi mkononi. Ukweli ni kwamba hadi katikati ya miaka ya 2010, nilipokuwa bado mji wa Louisville, sikuwahi kugusa kichwa cha mtu asiye Mwafrika. Kunyoa nilijifunzia kambi ya wakimbizi, kwenye vichwa vya kaka zangu wanne, kwa wembe kwanza na baadaye kwa mashine ya betri. Nywele zetu ukizielewa zinakutii, nami nikadhani nywele zote duniani ni hivyo. Jeuri hiyo ilipata dawa yake kwa kichwa cha Mchina mmoja, na kila nikiisimulia habari yake moyo unaanza kwenda mbio upya. Mnivumilie nikikimbia.

Wachina nilikuwa nawajua, au nilidhani nawajua. Kwetu Kivu ya Kusini, tulipokuwa tukishuka bondeni siku za soko, tuliwaona wakijenga barabara, vichwa vina vipara chini ya kofia za njano. Mtu mmoja akasema hao ni wafungwa, serikali yao imewaleta wamalizie kifungo kwa koleo. Sote tukaamini, maana nani angekuja kupasua mawe kwetu kwa hiari yake? Wengine tuliwaona kwenye video za karate, na hao walikuwa na msuko mmoja mrefu mgongoni. Basi kwa akili zetu Mchina alikuwa wa aina mbili tu: mwenye kipara ni mfungwa, mwenye msuko anaruka juu ya mapaa.

Huyu Mchina wangu, wa ghala la mizigo nililofanyia kazi kule Okolona, pembeni mwa Louisville, hakuwa na kipara wala msuko. Tulisimama laini moja, yeye akifunga maboksi kwa gundi, mimi nikibandika karatasi za anwani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nywele zimemshukia machoni hadi nikawa najiuliza boksi analionaje. Aliniita dada mkubwa, kwa sababu kwao aliyekuzidi umri humwiti jina lake hivi hivi, na hilo likanifanya nimpende siku ile ile. Nami nikamwita mdogo wangu. Tulizungumza Kiingereza, chake kibovu na changu kibovu, tukaelewana vizuri kuliko tulivyoelewana na wenye lugha yao.

Siku moja nikamuuliza msuko wake uko wapi. Alicheka hadi msimamizi akatutazama. Msuko, akasema, uliisha zamani sana, babu wa babu yake ndiye aliyekuwa nao, tena kwa kulazimishwa. Wamarekani nao humwuliza kuhusu mkato wa bakuli, kana kwamba kila Mchina hufunikwa bakuli kichwani na kukatwa kuzunguka ukingo. Bibi yake aliwahi kumfanyia hivyo akiwa na miaka minne, akalia mchana kutwa.

Kisha, boksi baada ya boksi, akanipa darasa. Kwao mwenye kipara watu humpisha njiani, wakidhani katoka jela au ni jambazi. Hapo nilishtuka, maana kumbe hata wenyewe wanasema kama sisi. Kijana aliyepaka nywele rangi ya njano wanasema ni wa shamba, kaja mjini kutafuta kazi kiwandani, au basi ni kinyozi mwenyewe. Mwenye nywele ndefu ni msanii, na wazazi wa msichana hawataki hata kumsikia. Mzee mwenye nywele nyeusi tii zilizochanwa kurudi nyuma ni mkubwa wa ofisi, hata kama chini ya rangi ni mvi tupu.

"Na wewe mwenye nywele machoni?" nikauliza.

"Watasema nacheza michezo ya kompyuta usiku na mchana. Kumbe sina kinyozi tu."

Mtindo alioutaka ulikuwa ule wa vijana wa mjini: pembeni fupi, juu ndefu, zimerudishwa nyuma. Nikamuuliza kama wote wanaokata hivyo ni watu wa maana. Akasema hapana, wengine ni matapeli, ila wanapendeza. Naye akakiri kwamba aliambiwa nywele za Mwafrika hazikui kabisa. Nikavua kilemba palepale kwenye laini, nikamfungulia msuko mmoja hadi begani. Tukawa sare.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nikamkalisha jikoni kwangu. Nikawasha mashine kwa madaha na kumpitishia pembeni kama ninavyowapitishia kaka zangu. Zile nywele zikasimama, zikatazama kushoto na kulia kama mswaki mpya. Nikapunguza upande huu, upande ule ukazidi. Nikapunguza ule, wa kwanza ukawa kichekesho. Nilijikaza, jasho linanitoka, nikarekebisha na kurekebisha hadi hapakubaki cha kurekebisha. Mama yangu, aliyekuwa akimenya ndizi pembeni, akaweka kisu chini na kukitazama kile kipara kwa huruma kubwa.

"Bon, umuulize," akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, "kifungo yake ilishaisha ao bado?"

Mdogo wangu alinishikilia hadi nikamtafsiria. Badala ya kukasirika akachukua simu, akampigia mjomba wake Uchina kwa picha ili amwonyeshe. Mjomba huyo ndiye aliyemlea, wazazi walipokwenda kufanya kazi viwandani miji ya mbali. Mzee akatazama, akasogeza uso, kisha akauliza ni polisi gani waliomkamata na kwa kosa gani. Nilicheka hadi nikaegemea jokofu. Mama akachukua kisu chake akaendelea na ndizi.

"Unaona?" akasema. "Hata watu yake wanajua."

Mtu mwingine asingerudi. Yeye alirudi kila nywele zilipoota kidogo, kiangazi hadi vuli, na mimi nikajifunza kichwa kile kama mtoto anavyojifunza kusoma. Nikagundua kwamba nywele za pembeni hazikui kuelekea chini, zinakua kuelekea nje, na mashine haizitulizi. Zinataka mkasi juu ya kitana, taratibu, ncha ya mkasi ikiwa imesimama. Siku nywele zile zilipolala kwa mara ya kwanza nilicheza jikoni peke yangu, nikazunguka meza mara mbili. Yeye alishuka kwenye kiti akacheza pia, shuka ya kinyozi bado shingoni.

Kipindi hicho nilikuwa nimemaliza shule ya vinyozi na cheti ninacho, lakini siku zote nilikuwa bado kwenye maboksi. Dada yangu anayeishi mji wa Columbus akanipigia kwamba kuna saluni karibu na chuo kikuu, mwenyewe ni Mtanzania wa Kigoma, na kiti kimoja kimebaki wazi, kile cha dirishani. Nikaenda kumwona. Alikuwa mtaratibu, hapandishi sauti, na mtu wa namna hiyo ananitisha kuliko anayefoka.

"Dada, vinyozi wa vichwa vyetu ninao," akasema. "Wanafunzi wa Kichina wanapita hapa kila siku. Wanachungulia, wanaona picha za vichwa vyetu tu ukutani, wanakwenda zao. Niletee Mchina mmoja umkate mbele ya macho yangu. Ukiweza, kiti cha dirishani ni chako. Ukishindwa tusilaumiane, kuna mwenzako anakisubiri."

Nilitaka kiti kile mpaka nikawa nakiota. Miaka miwili nilikuwa nabandika anwani za watu kwenye mizigo ya watu, na mikono yangu inajua kazi nyingine. Nikamwambia nitakuja Jumamosi ya mwisho ya Februari. Siku niliichagua mwenyewe, kwa kinywa changu. Mdogo wangu akakubali kuja. Akaacha nywele zimee miezi mitatu bila kuguswa, akawa kama kichaka, na ghalani wakaanza kumwuliza kama amekuwa msanii.

Asubuhi ile niliendesha gari huku nikiimba. Yeye alikuwa akitazama dirishani. Tulipouvuka mto pale Cincinnati na kuacha majengo nyuma yetu, akasema kwa sauti ndogo, "Dada mkubwa, leo siwezi kukatwa."

Nilidhani anatania. Akaeleza, macho yakiwa kwenye magoti yake. Mwaka mpya wa kwao ulikuwa umeingia majuzi, na mwezi wa kwanza wa kalenda yao haujaisha. Mtu akikata nywele mwezi huo, mjomba wake, ndugu wa mama yake, anakufa.

Damu ilinichemka. Niliingia kituo cha mafuta, nikazima gari, nikamgeukia. "Ulitaka kuniambia lini? Nikishashika mkasi?"

"Ulikuwa na furaha sana," akasema. "Kila wiki nilitaka kukuambia, na kila wiki ulikuwa na furaha zaidi."

"Wewe unaamini mambo hayo?"

"Siamini." Akaziondoa nywele machoni. "Lakini nina mjomba mmoja tu."

Hasira ikaniishia hapo hapo, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Kama angetaja pepo au nyota ningembeba mzobemzobe hadi Columbus. Alitaja mjomba. Kwetu mjomba si mtu wa mchezo: ni mama yako mwingine, ndevu ndiyo tofauti yake. Huolewi bila yeye, na ukimkosea yeye hakuna wa kukutetea. Nilimwambia basi, hatukati, nitampigia mwenye saluni ampe kiti huyo mwingine. Kisha nikainamia usukani nikalia, kwa sababu nilikitaka kiti kile na sikuona njia nyingine ya kukipata.

Alishuka garini. Nilimwona akizunguka pampu za mafuta kwenye baridi ile, simu usoni, anazungumza, anainama, anazungumza tena. Huko kwao kulikuwa usiku. Aliporudi masikio yalikuwa mekundu.

"Mjomba amesema ukate. Ila anataka kutazama. Akijisikia vibaya atasema."

Sikumbuki barabara iliyobaki. Nakumbuka saluni, kiti cha dirishani na jua la baridi juu yake, na simu tuliyoiegemeza kwenye chupa ya dawa ya kusafishia mashine ili mjomba aone vizuri. Alikuwa amekaa kitandani na koti mwilini, fundi wa matairi mwenye nywele nyeusi tii zilizochanwa nyuma kama mkubwa wa ofisi. Mwenye saluni akauliza huyo ni nani.

"Ni mjomba wake," nikasema. "Nikikata, anaweza kufa."

Mtu wa Kigoma alimtazama mzee, akanitazama mimi, akavuta kiti akakaa. "Bismillahi, dada. Anza."

Nikaanza. Kila mkasi ulipolia niliuliza, "Yuko mzima?" na mdogo wangu akajibu, "Mzima." Baada ya dakika kumi akajibu, "Anakunywa chai." Mjomba alipata nguvu akaanza kutoa maagizo: masikioni nisishuke sana asije akaonekana jambazi, mbele niache za kutosha maana kijana bado hajaoa. Vinyozi wengine wakaacha wateja wao wakaja kusimama nyuma yangu. Mikono yangu ilikuwa myepesi kuliko siku zote. Pembeni zililala. Niliziona zinalala, na ndani yangu nilikuwa naruka.

Nilikuwa nimebakiza upande wa kulia tu, mkasi umeshuka, nywele zimekatika, na picha kwenye simu ikasimama. Mjomba alikuwa amefumba macho, kinywa wazi, kichwa kimeegemea nyuma.

Mdogo wangu alimwita mara moja, mara mbili. Nilisimama na mkasi hewani nikimwomba Mungu anichukulie kiti, anichukulie na cheti, amrudishe mzee wa watu. Kisha mtandao ukarudi, na mjomba akamalizia kupiga chafya.

Saluni nzima ililipuka kwa kicheko. Nilimaliza upande wa kulia huku machozi yakinitoka. Mwenye saluni akainuka, akapitisha kiganja pembeni, juu, nyuma ya shingo, akarudia pembeni tena, polepole kama kawaida yake.

"Jumanne, saa tatu asubuhi," akasema. "Usichelewe."

Nilimkumbatia mdogo wangu, nikamkumbatia na mwenye saluni, ambaye hakujua aweke wapi mikono yake. Mjomba bado alikuwa kwenye simu, hataki kukata. Alisema neno refu. Mdogo wangu akalitafsiri.

"Anauliza kama na mjomba wako wewe ameona unavyojua kazi."

Nikajibu kwamba wajomba zangu walikuwa watatu, na wote walibaki milimani mwaka wa vita. Sina tena. Nililisema kwa haraka, nikifagia nywele, kwa sababu siku ilikuwa nzuri na sikutaka kuiharibu. Mdogo wangu akatafsiri. Mzee akaweka kikombe chake pembeni, akasogeza uso hadi ukajaa kioo chote, akazungumza na mimi moja kwa moja kwa Kichina, polepole, kama vile nikimsikiliza vizuri nitaelewa.

"Anasema kuanzia leo yeye ndiye mjomba wako," mdogo wangu akasema. "Kwa hiyo anaomba usikate nywele zako mpaka mwezi uishe. Mmoja anaweza kumstahimili. Wawili mtammaliza."

Dada yangu wa Columbus, aliyeamini tangu mwanzo kwamba kiti nitakipata, alikuwa ameshanipangia kwa msusi siku ya Jumatatu, anipunguze nywele ili nianze kazi nikiwa nadhifu. Nikampigia simu, nikamwambia haitawezekana.