Msumari Alivyompiga Spika

Msumari alikuwa fundi viatu, na jina hilo alipewa kwa ajili ya ulimi wake, si kazi yake. Mteja akilalamika kwamba soli imebanduka, alimwuliza kama kiatu anakitembelea au anapigia mawe mateke. Sura za watu hazikumkaa kichwani. Ukimtajia fulani, atakuuliza anavaa nini. Ukimwambia ni yule wa ndala za bluu zilizolika upande mmoja, hapo atakueleza mpaka kwao.

Mumewe alikuwa fundi rangi, aliyekuja mjini humo kijana kutoka nchi jirani. Nusu ya kuta za mtaa ule zilipakwa na mikono yake, na bado alikuwa "mgeni". Neno lenyewe halikuwa na ubaya hadi alipozuka Spika, mropokaji mmoja aliyesimama njia panda kila Jumamosi na kipaza sauti chake, akihubiri kwamba wageni ni kupe, na kupe hatolewi kwa maombi. Watu walisimama wakasikiliza. Wengine walicheka, na mpumbavu akichekewa huona amesema kweli.

Siku moja majirani walimrudisha fundi rangi nyumbani wamembeba. Watu watatu waliojifunga vitambaa usoni walimwangusha kutoka kwenye ngazi yake ya kazi, wakampiga mateke bila kusema neno. Alichokiona, shavu likiwa chini, ni buti ya kahawia, kisigino kimetiwa kiraka cha mpira wa gari na kushonwa kwa uzi mwekundu.

Uzi mwekundu, mtaa mzima, alikuwa nao Msumari peke yake.

"Hiyo ni buti ya Spika," alisema. "Nimeishona mwenyewe."

"Basi twende polisi," mumewe akasema kwa taabu.

"Polisi gani? Wale wanaomsikiliza huku wakitafuna karanga?"

"Kama ni hivyo, mimi nikipona nahama."

"Huhami! Hakuna atakayekugusa tena mtaa huu, nakuapia. Dawa ya moto ni moto. Huyo atakiona cha mtema kuni."

Jumamosi alimfuata Spika njia panda, nyundo mfukoni mwa aproni. Hakumsalimu. Alimpiga nyundo ya goti, mtu akaanguka na kipaza sauti chake, na yowe lake likafika mtaa wa pili. Watu wakashangilia! Walewale waliokuwa wakimchekea Spika kwa furaha wiki iliyopita, sasa walipiga makofi na miluzi. Mwalimu mmoja mstaafu tu ndiye aliyejipenyeza mbele.

"Mama, huyu ana maneno tu, hana silaha."

"Maneno yake yamevunja mbavu za mume wangu. Ya kwako yamezuia nini?"

Mwalimu akarudi nyuma, maana kweli hayakuwa yamezuia kitu.

Msumari akainua nyundo tena. "Buti yako nimeijua!"

"Buti ipi?" Spika alilia. "Si ziko kwako? Nilileta kabla ya mvua, sijazifuata mpaka leo!"

Kwa Msumari kiatu kilikuwa cha aliyekileta, hata kikipita miguu kumi. Ndivyo kichwa chake kilivyozoea. Lakini viatu visivyofuatwa miezi mitatu alikuwa akivitafutia miguu mingine, na zile buti alimpa mdogo wake, alipopata kazi ya kupakua mizigo. Alimpa kwa mikono yake, akamwambia azivae salama.

Hakumwomba Spika radhi. Hakumhurumia hata chembe, na sioni kwa nini angemhurumia. Ila nyundo ilimwia nzito, akaondoka huku watu wakimpigia makofi mgongoni.

Jioni mdogo wake alikuja kumjulia hali shemeji yake, machungwa mkononi, buti miguuni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ukishakishika ukifanye nini.

"Ulimpiga shemeji yako?" Msumari alimwuliza palepale mlangoni.

Kijana hakukana. "Dada, sikujua ni yeye. Tuliambiwa tu kuna mgeni juu ya ngazi. Nilipomtambua tulikuwa tumeshafika. Ningerudi nyuma, wangenigeukia mimi."

"Kwa hiyo ukapiga."

"Nilipiga polepole."

Msumari alimtukana tusi ambalo haliandikiki. Kijana naye akapandisha sauti.

"Na wewe je? Leo umemvunja mtu goti kwa kosa ambalo si lake, na mtaa mzima umekupigia makofi. Mbaya ni mimi tu?"

Fundi rangi alijiinua kitandani, ameshika mbavu.

"Mke wangu, nyundo unayo. Mpige."

"Huyu nimembeba mgongoni," Msumari alisema.

"Yule wa njia panda naye kuna aliyembeba. Hukumwuliza."

"Shemeji, nisamehe..."

"Nyamaza wewe! Nasema na mke wangu."

Msumari alimfukuza mdogo wake kwa kelele, akayatupa machungwa barabarani, akamkataza kukanyaga tena pale. Aliona inatosha. Mumewe alikuwa akiutazama mkono wa mkewe tu, na mkono haukuinuka.

Spika alipona. Anachechemea, na wasikilizaji wake wameongezeka. Fundi rangi hakuhama mtaa. Alihamia chumba cha nyuma peke yake, na kila akiingia kulala, anaufunga mlango kwa ufunguo.