Koti la Shomari

Mume wangu Shomari alikufa mara moja kabla ya kufa kwake, na mie nilimkalia eda. Miezi minne na siku kumi nilikaa katika chumba chetu cha Temeke, sina wanja, sina mafuta ya kichwa, namlilia mtu ambaye wakati huo alikuwa hai ananyeshewa na mvua. Sijasahau hata siku moja katika siku zile, na sitaki kusahau.

Kazi yake ilikuwa ukwezi wa minazi. Mwaka wa 1963 jirani yetu Gregori, Mnyamwezi wa Tabora, alileta habari za kazi ya miezi mitatu: kufua nazi na kukausha mbata katika kisiwa cha mbali, siku tisa baharini. Yeye Gregori ndiye msimamizi. Wakaondoka watu sita.

Shomari alivyokisimulia kisiwa kile, ungedhani Mungu alikianza akakiacha njiani. Ni mviringo wa matumbawe tu, umekatika upande mmoja pa kupitia chombo. Ndani yake maji ya kijani yametulia, nje bahari kuu. Udongo hakuna, na ukitembea peku nyayo zinachanika. Kisima hakuna. Walikunywa mvua waliyoikinga kwa mapipa, na mvua ndiyo mwenyeji wa pale: inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo, inarudi. Kwa kuwa jua lilikuwa la kubahatisha, mbata waliikausha juu ya moto wa makumbi mpaka macho yakawa mekundu. Kulikuwa na kaa wakubwa kama sinia, wanaopanda minazi. "Nilikuta wakwezi wenzangu," alikuwa akisema, naye anacheka. Mie sikuwahi kucheka.

Siku ya kuondoka, Gregori alimtuma upande wa pili wa kisiwa akaokote nazi za mwisho. Nyuma huku akawaambia wenzake kwamba Shomari amechukuliwa na mkondo. Shomari aliporudi na mzigo wake, chombo kilikuwa kinatoka. Mvua ilikuwa inapiga, wale wanne wamejifunika turubai. Akaingia majini mpaka kifuani, akaita. Gregori alikuwa amesimama nyuma ya chombo, wakatazamana. Kisha Gregori akageuza uso. Mahali pa mume wangu palikuwa pamekaliwa na magunia mawili ya mbata.

Gregori alipofika Temeke alilia kunishinda mie mjane. Tukaweka matanga, nguo za marehemu zikagawiwa. Koti jeusi, lile Shomari alilovaa siku ya harusi yetu, wazee wakampa Gregori kwa kuwa ndiye aliyeleta habari.

Baada ya miezi minane nilikuwa uani napepeta mchele. Mtu mwenye ndevu hadi kifuani akapiga hodi, na ungo ukaniponyoka. Chombo cha msimu uliofuata kilimkuta anaishi kwa nazi, mayai ya ndege na maji ya mvua. Kaka yangu alikuwa amekwisha pokea posa ya mwanamume mwingine, ikabidi airudishe mbio mbio.

Gregori naye alikuja mbio, akamkumbatia. "Ndugu yangu! Si nilikuona kwa macho yangu ukimezwa na maji!"

Watu wakalia kwa furaha. Shomari akasema ukweli wake, wakasema upweke umemgusa kichwa. Mtaa ulipochagua balozi wa nyumba kumi, akawa Gregori. Mashtaka yote yalianzia kwake. Sasa sie tumshtaki balozi kwa balozi?

"Basi dai hata koti lako," nilimwambia Shomari.

"Nguo ya marehemu hairudishwi, Mama Kondo. Ngoja."

Nikangoja miaka minane. Kila Jumapili Gregori alipita mlangoni kwangu kwenda kanisani na koti lile mwilini. "Hujambo, shemeji?" Namjibu sijambo, moyoni namwapiza.

Masika ya mwaka wa 1972 baba yake Gregori akafariki pale pale Temeke, kwa mwanawe. Wanyamwezi na sie Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na msibani mtani hakasirikiwi. Anaweza kulala kaburini asitoke mpaka wafiwa wampe kitu kidogo. Watu hucheka, machozi yanapungua, maziko yanaendelea. Kwa hiyo Shomari aliporukia kaburini na kujilaza chali katika matope, umati mzima ulicheka. Katekista mwenyewe Mnyamwezi, akafunga kitabu akasubiri.

"Lete mzee huku nimpakate, mpagazi we!" Shomari akapaza sauti.

Gregori akatabasamu, akatoa senti hamsini. Zikarushwa nje.

"Sitaki hela. Nataka useme. Siku ile nilikuita, uliniona hukuniona?"

Kicheko kikakatika. Mvua ikaanza.

"Mtani, toka. Mzee analowa," Gregori akasema.

"Mie nilishazikwa na wewe, kulowa nimezoea. Uliniona hukuniona?"

Wazee wa Kinyamwezi wakamtazama Gregori. Kumtoa mtani kwa nguvu ni aibu, na jeneza lilikuwa mabegani mwa watu. Maji yakaanza kujaa kaburini, yakafika masikioni mwa mume wangu, naye hakusogea. Wabebaji wakabadilishana mabega. Shangazi yake Gregori ndiye aliyesema, "Mjibu, mwanangu, tumzike kaka yangu."

"Nilikuona," Gregori akasema.

"Sema wakusikie."

"Nilimwona! Alikuwa hai, anaita. Nikamwacha."

Shomari akainuka, akapanda juu, akampa mkono. Kwake yeye yalikwisha pale. Ndivyo alivyokuwa mume wangu, na nimemlaumu kwa hilo mpaka leo.

Lakini mie pia ni Mzaramo. Nikasimama mbele ya jeneza, nikatandaza mikono.

"Mtani, na mie nipe changu. Huyo hakuwa marehemu. Vua koti."

Hakuna aliyecheka. Gregori akafungua vifungo kimoja kimoja, akalivua, akanipa kwa mikono miwili. Nikapisha. Akamzika baba yake akiwa na shati jembamba, mvua inamnyeshea, na katika umati wote ule hakuna aliyemsogezea mwavuli. Nilikuwa nao mmoja. Niliushika vizuri juu ya koti, nikamtazama mpaka alipoanza kutetemeka.