Fundi wa Kibanda cha Jirani

Pulchérie ameshona miaka kumi na minane katika soko la Baraka, na hakuna kinachomkera kama yule fundi wa kibanda cha jirani, aliyekuja juzi tu. Nguo ikiisha kushonwa, yule humwambia mama aliyeivaa ainame kama anayeosha sufuria, kisha abebe mtoto mgongoni. Bega likivuta, anakaa chini na wembe, anafumua mshono wote, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya. "Fundi gani anabomoaka kazi yake mbele ya bantu?" Pulchérie huwauliza wateja. Wanacheka naye, kisha wanakwenda kulekule kwa jirani.

Jumatatu fundi yule aliingia kibandani kwa Pulchérie na kipande cha kitenge, vidole vimejaa alama za sindano. "Yaya," alimwita, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, "kola yako inalalaka muzuri. Yangu inakataa. Unionyeshe." Kichwa kikamvimba Pulchérie, akamwonyesha polepole, mara tatu. Jumamosi kola ya fundi yule ikapita mbele yake, shingoni mwa mteja wa zamani wa Pulchérie, imelala vizuri kuliko yake. Pulchérie akanyanyuka kwenda kuuliza imeshonwaje. Alifika mlangoni, akarudi, akakaa kwenye cherehani, akashona kola yake ileile.